Kwa nini programu ndogo nyingi hufa pale zinapojengwa upya?

Katika mtaa wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, duka dogo huendeshwa kwa vitu viwili: bidhaa zilizopangwa kwenye rafu na daftari lililowekwa chini ya meza. Ndani ya daftari hilo yameandikwa majina ya majirani, kilo za mchele na maharage walizochukua kwa mkopo, na faranga wanazotakiwa kulipa mwisho wa mwezi. Daftari likilowa mvua au likipotea, hasara yake si bei ya karatasi. Kinachopotea ni ushahidi wa madeni ya mtaa mzima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana mmoja wa Kinanira aliyesomea kompyuta ameajiriwa mchana katika ofisi ya uhasibu katikati ya jiji. Usiku, umeme ukiwapo, anaunda programu ndogo ya simu ya kutunza madeni ya duka la shangazi yake. Programu inafanya kazi. Majirani wawili watatu wenye maduka wanaiomba, nao wanawaambia wenzao. Mwaka mmoja baadaye maduka ishirini yanaitumia, bila tangazo lolote na bila malipo yoyote.

Hapo ndipo kijana anaporudi kutazama alichokiandika, naye anaona haya. Msimbo, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya, umejaa viraka. Kila akirekebisha kosa moja, jingine linachomoza mahali pengine. Anaamua kubomoa yote, kuanza upya kwa zana za kisasa, kisha kuizindua upya programu yake ikiwa safi na yenye sura mpya.

Uamuzi huo unafanywa kila siku na waunda programu wa Bujumbura, Nairobi na kwingineko duniani. Ni uamuzi unaoeleweka. Pia ni mahali ambapo programu nyingi ndogo hufia, na sababu zake zinahusu binadamu zaidi kuliko kompyuta.

Nguvu na udhaifu wa kazi ya pembeni

Programu ya pembeni ni ile inayoundwa na mtu mmoja au wachache nje ya saa za ajira, bila ofisi, bila mshahara na mara nyingi bila bajeti. Nguvu yake ni ukaribu. Anayeiunda anamjua anayeitumia, huenda wanakula pamoja Jumapili. Kosa likionekana asubuhi, huweza kusahihishwa jioni ileile.

Udhaifu wake unatoka palepale. Maarifa yote kuhusu programu hiyo yamo katika kichwa kimoja. Mwenye kichwa hicho akiugua, akihamishwa kikazi au akichoka, hakuna mwingine anayejua kwa nini kitu fulani kilifanywa hivyo. Muda wake nao ni mchache: saa mbili za usiku, zikipunguzwa na umeme kukatika au bando kuisha, hazitoshi kuendesha programu ya zamani na kujenga mpya kwa wakati mmoja. Akianza kujenga mpya, ya zamani huachwa yatima, huku watu ishirini wakiendelea kuitegemea.

Viraka vina kumbukumbu

Msimbo wa zamani huonekana mbaya kuliko ulivyo, kwa sababu kusoma msimbo ni kazi ngumu kuliko kuuandika. Lakini viraka vile vinavyomwaibisha mwandishi wake havikuwekwa kwa bahati mbaya. Kimoja kiliwekwa baada ya wateja wawili wenye jina moja kuchanganywa. Kingine kiliwekwa kwa sababu mteja alilipa nusu ya deni taslimu na nusu kwa pesa za simu. Cha tatu kipo kwa sababu umeme na mtandao vilikatika wakati deni likiwa linahifadhiwa, likaandikwa mara mbili.

Anayefuta kila kitu na kuanza upya hufuta masomo hayo pia. Atajifunza tena yaleyale, na watakaolipia masomo hayo ni wateja walewale.

Jambo hili halikugunduliwa leo. Mwaka 1975 Mmarekani Fred Brooks, aliyewahi kusimamia uundaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM, aliandika kwamba mfumo wa pili ambao mtu anaujenga ndio wenye hatari kuliko yote. Wa kwanza huujenga kwa tahadhari kwa kuwa hajui. Anapofika kwenye wa pili huingiza ndani yake kila pambo alilolazimika kuliacha mara ya kwanza, na mzigo unakuwa mzito kuliko gari.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kampuni ya Netscape, ambayo katikati ya miaka ya 1990 kivinjari chake cha intaneti ndicho kilichoongoza duniani. Toleo la 4 lilitoka mwaka 1997. Kisha kampuni ikaamua kuuandika upya msimbo wake tangu mwanzo. Toleo la 5 halikutoka kamwe, na toleo la 6 lilifika Novemba 2000. Katika miaka hiyo mitatu ya kungoja, watumiaji wengi walikwishahamia kwa mpinzani wake, Internet Explorer ya Microsoft. Aprili 2000 mtaalamu wa programu Joel Spolsky aliuita uamuzi wa kuandika upya tangu mwanzo kuwa kosa baya kuliko yote ambayo kampuni ya programu inaweza kufanya.

Ikiwa kampuni yenye wahandisi wengi ilishindwa kubeba mzigo huo, mtu mmoja mwenye saa mbili za usiku anapaswa kujiuliza mara mbili.

Ushahidi: iliyojengwa upya ikafaulu

Hata hivyo, Afrika Mashariki ina mfano wa programu iliyoanza kwa haraka, kwa mikono ya watu wa kujitolea, ikajengwa upya na kufika mbali kuliko waanzilishi wake walivyotarajia. Jina lake ni neno la Kiswahili: Ushahidi.

Kenya ilipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, machafuko yalizuka, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika majuma yaliyofuata na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao. Wakazi wa kusini mwa Bujumbura hawahitaji kuelezwa sana hali ya namna hiyo: Mei 2015, redio kadhaa za binafsi jijini mwao ziliposhambuliwa na kunyamaza, wanahabari walikimbilia mitandao ya kijamii na kuanzisha SOS Médias Burundi.

Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria na mwanablogu wa Kenya, Ory Okolloh, aliandika akiomba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani itakayoonyesha mahali mauaji na uharibifu ulipokuwa ukitokea. Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao waliitikia. Katika siku chache tu tovuti ilikuwa hewani. Mwananchi aliweza kutuma taarifa kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu, na taarifa hiyo ikawekwa kwenye ramani.

Toleo hilo la kwanza liliundwa kwa ajili ya nchi moja na msiba mmoja. Halikutarajiwa kuishi. Lakini Mei 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yalipozuka Afrika Kusini, watu wa huko walitaka kuitumia programu ileile. Ikabainika kwamba kilichojengwa usiku kwa ajili ya Kenya kilihitajika na wengine, na kwamba katika hali yake hiyo hakikuwa rahisi kuhamishwa.

Hapo ndipo walipoamua kujenga upya. Waunda programu kutoka Kenya, Ghana, Malawi, Afrika Kusini na nchi nyingine walishiriki, na msimbo ukatolewa huria ili yeyote aweze kuuchukua na kuusimika kwake. Novemba 2008 toleo la majaribio lilitumika kufuatilia vita vya mashariki mwa Kongo, jirani kabisa na Burundi. Matoleo yaliyofuata yalipewa majina ya miji ya Afrika, yakiwamo Mogadishu na Luanda.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliipiga Haiti. Ramani ya Ushahidi ilifunguliwa saa chache baadaye, ikiendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, wakiongozwa na Patrick Meier. Walionusurika walituma ujumbe kwa namba fupi 4636. Ujumbe huo uliandikwa kwa Kikrioli cha Haiti, lugha ambayo waokoaji wengi wa kigeni hawakuijua. Wahaiti waishio ughaibuni walijitolea kuutafsiri, mmoja baada ya mwingine, usiku na mchana. Bila wao ramani ingekuwa na nukta zisizosomeka.

Tofauti kati ya Netscape na Ushahidi

Tofauti ya kwanza ni sababu. Waanzilishi wa Ushahidi hawakujenga upya kwa sababu msimbo wao uliwaaibisha. Walijenga upya kwa sababu watu wa nchi nyingine walikuwa mlangoni wakiuliza, na toleo la kwanza halikuweza kuwahudumia. Hitaji lilikuja kwanza, ujenzi ukafuata.

Tofauti ya pili ni kwamba kilichobaki bila kuguswa kilikuwa kile kilichowavuta watu tangu mwanzo: mtu atume taarifa kwa njia aliyo nayo, hata simu ya kawaida, nayo ionekane kwenye ramani. Maagizo ya ndani yalibadilika, lakini ahadi kwa mtumiaji ilibaki ileile.

Tofauti ya tatu ni idadi ya vichwa. Kwa kuufungua msimbo wao, waanzilishi walihakikisha kwamba maarifa hayamo tena kwa mtu mmoja au wanne. Kijana wa Kinanira hahitaji mabara mawili ili kupata faida hiyo. Mwenzake mmoja anayejua programu inavyofanya kazi, na karatasi mbili zilizoandikwa vizuri kuhusu kila kiraka na sababu yake, tayari ni kinga kubwa.

Kamusi iliyohama nyumba

Ushahidi ulianza na msiba. Mfano mwingine ulianza na maneno. Mwaka 1994 Martin Benjamin, aliyekuwa mwanafunzi wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alianzisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye intaneti, wakati tovuti za Kiswahili zilikuwa za kuhesabika. Watu wa kujitolea waliongeza na kusahihisha maneno kupitia mtandao, jambo lililokuwa geni miaka hiyo. Mradi huo wa Kamusi baadaye uliondoka Yale, ukasajiliwa kama shirika linalojitegemea, na mwaka 2013 ukazinduliwa upya kwa umbo jipya la kubeba lugha nyingi.

Katika safari ndefu kama hiyo zana za ndani hubadilishwa na seva huhamishwa. Kinachopaswa kufika salama ni maneno yenyewe, pamoja na kazi ya wale walioyachangia. Anayejenga upya programu huwa anahamisha mali ya watu wengine kutoka nyumba moja kwenda nyingine, na mali hiyo si yake.

Kuhamisha madeni bila kupoteza faranga

Turudi Kinanira. Hatari kubwa kwa kijana wetu haiko kwenye rangi za kurasa mpya. Iko kwenye hifadhidata, ile ghala ya ndani ambamo madeni yote yamehifadhiwa.

Makosa ya kuhama hufanana kote. Tarehe iliyoandikwa 03/04 inasomwa na programu mpya kuwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Namba ya simu inapoteza tarakimu kwa sababu zamani iliandikwa bila +257 na sasa programu inaitaka. Mteja mmoja aliyeandikwa kwa tahajia mbili anagawanyika kuwa watu wawili, kila mmoja na nusu ya deni. Hakuna hata moja kati ya makosa haya linaloizima programu. Yote hujitokeza mwisho wa mwezi, mbele ya mteja, kwa namna ya ugomvi.

Ndiyo maana wajuzi hufuata utaratibu usio na mbwembwe. Kwanza huchukuliwa nakala ya akiba ya data yote, ikahifadhiwa mahali tofauti na seva, na ikajaribiwa kama kweli inafunguka. Kisha data hunakiliwa kwenye programu mpya na hesabu tatu hulinganishwa kwa kila duka: idadi ya wateja, idadi ya madeni na jumla ya faranga. Hesabu moja ikipishana, hata kwa faranga 100, uhamaji husimamishwa mpaka sababu ijulikane.

Baada ya hapo programu mbili huendeshwa sambamba kwa muda. Kinachoandikwa katika ya zamani huandikwa katika mpya pia, na jioni matokeo hulinganishwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo pekee inayofichua kile ambacho mjenzi hakukifikiria.

Wengi leo hushauri kwenda mbali zaidi: kutobomoa kabisa. Mwaka 2004 Muingereza Martin Fowler aliufananisha ujenzi huo na mtini wa msituni unaoota juu ya mti mwingine. Mizizi yake hushuka polepole, humzunguka mwenyeji wake, mpaka siku moja mtini unasimama peke yake. Vivyo hivyo, kijana anaweza kuanza kwa kubadilisha sehemu ya malipo tu, aitumie kwa mwezi mmoja, kisha aende kwenye orodha ya wateja. Hakuna usiku mmoja wa hatari, na wakati wowote anaweza kurudi nyuma hatua moja.

Siku ya uzinduzi

Uzinduzi upya hupendwa kufanywa kwa shangwe: maduka yote kwa mpigo, tangazo kwenye mitandao, picha. Kwa programu inayobeba madeni ya watu, shangwe ni mshauri mbaya. Ni salama kuanza na duka moja, la shangazi, ambaye atasema ukweli bila kuogopa. Zikipita siku kadhaa bila kosa, yafuate maduka mawili, kisha matano. Siku za mwisho wa mwezi ziepukwe kabisa, kwa kuwa ndizo siku za kulipana.

Lugha nayo ina uzito wake. Jijini Bujumbura mwenye duka huweza kuzungumza Kirundi na mteja mmoja na Kiswahili na anayefuata, huku programu nyingi za simu zikizungumza Kifaransa au Kiingereza. Maneno deni, lipa na salio yaliyokuwa katika toleo la kwanza yasibadilishwe kwa sababu tu mengine yanaonekana ya kitaalamu zaidi. Aliyezoea kubonyeza palipoandikwa lipa atapatafuta palepale.

Toleo la zamani lisizimwe siku hiyo. Liachwe lisomeke, hata kama haliandikiki tena, mpaka mwenye duka wa mwisho aseme hana haja nalo.

Lini inafaa, lini haifai

Zipo sababu halali za kujenga upya. Zana iliyotumika mwanzo inaweza kuwa imeachwa na watengenezaji wake, ikabaki bila marekebisho ya usalama. Watumiaji wapya wanaweza kuhitaji kitu ambacho umbo la zamani haliwezi kubeba, kama ilivyotokea kwa Ushahidi. Au siri za watu zinaweza kuwa wazi mno: anayeweza kusoma hifadhidata ya madeni anajua nani mtaani amekwama mwezi huu.

Sababu zisizotosha ni haya mbele ya wenzake wa fani, na hamu ya kujaribu lugha mpya ya kompyuta iliyo kwenye mtindo. Hamu hiyo si mbaya, ila ipelekwe kwenye programu nyingine, ambayo hakuna anayeitegemea.

Na kuna jambo la tatu, linalosahaulika mara nyingi: mjenzi anaruhusiwa kuacha. Aliyechoka anaweza kuwapa wenye maduka taarifa mapema, akamkabidhi kila mmoja orodha kamili ya madeni yake ikiwa imechapishwa, na kufunga programu kwa heshima. Hilo ni bora kuliko kuahidi toleo jipya lisilofika huku la zamani likiendelea kuoza.

Akiamua kuendelea, kipimo cha kazi yake hakitakuwa pongezi za wenzake. Asubuhi ya kwanza shangazi atafungua duka, atatoa daftari chini ya meza na kuliweka kando ya simu. Atatafuta jina la mteja anayemjua vizuri, atasoma kwenye karatasi faranga 47,500, kisha atatazama kwenye kioo. Tarakimu zikilingana atakwenda kwa jina la pili. Akifika la kumi bila kukunja uso, huenda daftari likarudi chini ya meza, ingawa halitatupwa.